BUBA: UGONJWA ULIOFUKUZWA UKASAHAULIWA

Yako magonjwa yauayo upesi, na kila mtu huyaogopa. Yako na mengine yasiyoua, lakini humharibu mtu kidogo kidogo hata akawa kilema katikati ya wenziwe. Buba ni ugonjwa wa namna hii ya pili. Haimpeleki mtoto kaburini. Humwacha hai, naye ana mfupa wa mguu uliopinda, au nyayo zisizoweza kukanyaga chini, na pengine uso ulioliwa pua. Kwa kuwa haiui, haikupata kuogopwa kama ndui au tauni. Na kwa kuwa huwashika zaidi watu maskini wakaao mbali na barabara kuu, ilikuwa rahisi kusahauliwa.

Hata hivyo, ni magonjwa machache ya nchi za joto yatibikayo kwa urahisi kama huu. Dozi moja ya dawa hutosha kumponya mgonjwa. Kati ya mwaka 1952 na 1964 buba ilifukuzwa karibu ulimwenguni kote, hata wengi wakadhani kuwa mwisho wake umefika. Haukufika. Makala haya yaeleza buba ni nini, huambukizaje, ilitibiwaje zamani na hutibiwaje sasa, na kwa sababu gani ugonjwa uliokaribia kufa ulipata kufufuka.

KIJIDUDU KILETACHO BUBA

Buba haitokani na damu chafu, wala na chakula, wala na laana ya wazazi, wala na uchawi wa jirani. Huletwa na kijidudu kidogo mno cha jamii ya bakteria, kisichoonekana kwa macho. Kikitazamwa kwa hadubini huonekana chembamba kama uzi, nacho kimejisokota kama waya uliozungushwa kijitini, kikienda kwa kujinyonganyonga. Wataalamu hukiita treponema.

Aliyekigundua ni Mwitalia, Daktari Aldo Castellani, mwaka 1905, alipokuwa akifanya kazi kisiwani Ceylon, nchi iitwayo siku hizi Sri Lanka. Jina la Castellani si geni katika habari za Afrika ya Mashariki, maana miaka michache kabla ya hapo alikuwa Uganda akichungua ugonjwa wa malale, naye aliwaona wadudu wa malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa.

Kijidudu cha buba kina udhaifu mkubwa, na udhaifu huo ndio tumaini la wanadamu. Hakiwezi kuishi muda mrefu nje ya mwili. Kikikauka hufa, kikipata joto kali hufa. Hakikai udongoni miaka na miaka kama mbegu ya pepopunda, wala hakibebwi na mbu kama homa ya malaria. Wataalamu wamekuta vijidudu vya namna hiyohiyo katika nyani na tumbili wa Afrika, hata wa Tanzania, lakini haijathibitika kwamba watu huambukizwa nao. Kwa kadiri ijulikanavyo, buba ya mtu hutoka kwa mtu. Basi watu wote wa mahali wakitibiwa, kijidudu hakina pa kukimbilia.

JINSI INAVYOENEA

Tena kijidudu hiki hakiwezi kupenya ngozi iliyo nzima. Sharti kipate mlango, nao mlango wake ni mchubuko, mkwaruzo wa mwiba, au mahali palipoumwa na mdudu pakakunwa. Mtoto mwenye kidonda kibichi cha buba hucheza na mwenziwe aliyechubuka goti. Maji ya kidonda yagusa mchubuko. Na kazi imekwisha. Hakuna aliyeona lolote, wala hakuna aliyelia.

Kwa sababu hiyo buba ni ugonjwa wa watoto hasa. Katika kila wagonjwa 100, kadiri ya 75 hadi 80 huwa ni watoto wasiotimiza miaka 15, na walio wengi ni wa miaka 6 hadi 10, yaani umri wa kukimbia miguu mitupu, kupigana mieleka na kuchubuka kila siku. Buba hupenda nchi za joto zenye mvua nyingi na misitu. Hupenda pia nyumba ambamo watoto wengi hulala mkeka mmoja, na mahali ambapo maji ni ya kubebwa kutoka mbali na sabuni ni kitu cha anasa.

Yafaa kusema wazi kwamba buba haiambukizwi kwa zinaa, wala mama hamrithishi mtoto aliye tumboni. Mtoto mwenye buba hakufanya baya lolote, wala wazazi wake hawakufanya. Kumficha kwa aibu ni kumwongezea mzigo usio wake, na ni kuwapa wenziwe ugonjwa.

DARAJA TATU ZA BUBA

Tangu siku ya kuambukizwa hadi dalili ya kwanza hupita siku 9 hadi 90. Kwa kawaida ni kama siku 21. Hapo huanza daraja ya kwanza. Kipele hutokea mahali kijidudu kilipoingilia, mara nyingi mguuni. Kipele hukua kikawa uvimbe wenye uso wa chengachenga mfano wa tunda la forosadi, kisha hufunikwa na utando wa rangi ya manjano. Wataalamu hukiita kidonda hiki mama wa buba. Kwa kawaida hakiumi sana, ingawa pengine huwasha, nacho kimejaa vijidudu.

Na hapa ndipo ulipo mtego. Baada ya miezi 3 hadi 6, kidonda mama hupona chenyewe, hata kama hakikutiwa dawa yoyote, kikaacha kovu. Wazazi hushukuru. Aliyetia majani husema ni majani. Aliyechanjiwa hirizi husema ni hirizi. Kumbe vijidudu havikufa. Vimeingia ndani, vikasafiri katika damu na kuenea mwilini.

Daraja ya pili huja majuma kadhaa au miezi kadhaa baadaye. Safari hii kidonda si kimoja. Uvimbe mwingi hutokea usoni, makwapani, mikononi, miguuni, na pembeni mwa kinywa. Nyayo huwa nene, hukauka na kupasuka, hata mtoto akashindwa kukanyaga sawasawa, akatembea kwa ukingo wa mguu kama kaa wa pwani. Vidole huweza kuvimba, na mifupa huuma, hasa usiku. Mtoto huyu hawezi kwenda shule iliyo mbali, wala kuchota maji, wala kuchunga mbuzi. Vidonda hivi navyo huweza kutoweka vyenyewe, kisha vikarudi, hata kwa muda wa miaka 5. Katika muda ambao havionekani, mtu husemekana ana buba iliyojificha. Ngozi yake ni safi, lakini vijidudu vimo, na siku moja vyaweza kutoka nje tena na kuwaambukiza wengine.

Daraja ya tatu huwafikia watu kama 10 katika kila 100 wasiotibiwa, baada ya miaka 5 au zaidi. Hapo buba hula mifupa na gegedu. Mfupa wa muundi huvimba na kupinda kwa mbele kama upanga. Pua na kaakaa huliwa, hata maneno ya mgonjwa yakawa hayasikiki vizuri. Mtu wa daraja hii huenda asiambukize tena mtu yeyote, lakini madhara yake hayarudi nyuma. Dawa huua kijidudu; haijengi upya pua iliyokwisha kuliwa. Ndiyo sababu mtoto sharti atibiwe wakati wa kidonda cha kwanza, wakati ambapo wazazi wengi bado husema, "Ni kidonda tu, kitapona."

SINDANO YA KWANZA

Kabla ya mwaka 1910 hapakuwa na dawa ya kweli ya buba. Mwaka huo dawa ya arseniki iliyotokana na kazi ya Paul Ehrlich na wenzake huko Ujerumani ilianza kuuzwa kwa ajili ya kaswende, na madaktari hawakukawia kuona kuwa yaikausha buba pia. Lakini bei yake ilikuwa kubwa. Katika miaka ya 1920, madaktari wa serikali na wa misheni nchini Kenya walitumia sana sindano za bismuthi, dawa iliyokuwa rahisi zaidi kwa gharama.

Watu walipoona vidonda vilivyodumu miezi vikikauka baada ya sindano, habari zilienea kupita tangazo lolote la serikali. Waliokuwa wakiogopa hospitali walikuja makundi kwa makundi, wengine wakiwa wamebebwa. Ni sindano ya buba, kuliko dawa nyingine yoyote, iliyowafanya watu wengi wa Afrika ya Mashariki waamini matibabu ya hospitali. Imani hiyo ikazaa na kosa dogo: wengine wakadhani kuwa sindano ni dawa ya kila ugonjwa, wakaidai hata kwa maumivu yasiyohitaji sindano.

Hata hivyo palikuwa na kasoro kubwa. Dawa hizo za zamani zilitaka mgonjwa arudi mara kadhaa. Wengi walipata sindano ya kwanza au ya pili, wakaona ngozi imekauka, wakarudi zao mashambani. Kwao kukauka ndiko kupona. Baada ya miezi, vidonda vilitokea tena, juu yao au juu ya watoto wao. Dawa ilikuwa na nguvu, lakini haikudumu mwilini kutosha kumaliza kazi kwa mara moja.

VITA VIKUU VYA 1952 HADI 1964

Mambo yaligeuka ilipopatikana penisilini. Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928 huko London, na katika miaka ya 1940 ikaonekana kuwa yaua kijidudu cha buba bila shida. Kisha wataalamu wakaitengeneza kwa namna ikaayo mwilini siku nyingi, hata sindano moja ikatosha. Sasa mgonjwa hakuhitaji kurudi tena, na kasoro ya zamani ikawa imepata jawabu.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalishikana mikono. Kampeni kubwa ilianza Haiti mwaka 1950. Mwaka 1952 wataalamu walikutana Bangkok kupatana juu ya njia moja ya kazi. Na tangu hapo hadi 1964 vikosi vya matibabu vilifanya kazi katika nchi 46. Havikungoja wagonjwa waje hospitali. Vilikwenda kijiji kwa kijiji, vikawakagua watu ngozi zao, vikahesabu. Palipokuwa na wagonjwa zaidi ya 10 katika watu 100, kila mtu alitibiwa, mgonjwa na mzima. Walipokuwa 5 hadi 10, walitibiwa wagonjwa, watoto wote, na waliokaa karibu na wagonjwa. Walipopungua 5, walitibiwa wagonjwa na watu wa nyumba zao na wenzi wao wa karibu.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini kumchoma sindano mtu asiye na kidonda? Jawabu limekwisha kutolewa hapo juu: ni kwa sababu ya buba iliyojificha. Chukua mfano wa kijiji chenye watoto 10 wenye vidonda. Nyuma yao wapo wengine ambao ngozi zao ni safi lakini damu zao zina vijidudu, na idadi yao yaweza kuwapita hao 10. Ukiwatibu wale 10 peke yao, kijiji kitapendeza kwa muda. Kisha wale waliojificha watatoka vidonda, nao wataanza upya kuambukiza. Ni sawa na mkulima afyekaye magugu na kuiacha mizizi chini.

Watu kadiri ya milioni 50 walitibiwa katika miaka hiyo. Ugonjwa ulipungua kwa sehemu 95 katika kila 100. Kazi za namna hii zilizofanikiwa hivyo katika historia ya utabibu ni chache.

KWA NINI ILIRUDI

Zile sehemu 5 zilizobaki ndizo zilizoharibu mambo. Buba ilipoacha kuonekana njiani na sokoni, haikuwa tena jambo la haraka. Vikosi vilivunjwa, fedha zikapelekwa kwenye kazi nyingine, na kazi ya kuwatafuta wagonjwa wa mwisho ikaachiwa hospitali na zahanati za kila mahali. Zahanati nyingi za shamba hazikuwa na watu wa kutosha wala njia ya kufika vijiji vya mbali, na vijiji vya mbali ndivyo hasa vilivyobaki na ugonjwa. Vijana waliosomea uganga baada ya hapo hawakuwa wamepata kuona kidonda cha buba. Hata kilipowajia, hawakukitambua.

Kufikia miaka ya 1970, buba ilikuwa imerudi katika sehemu nyingi za Afrika ya Magharibi na ya Kati. Mwaka 1978 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliziomba nchi ziianze upya kazi hiyo. Baadhi zilianza, zikaendelea miaka michache, kisha zikalegea tena.

Nchi moja haikulegea. Uhindi ilianza kampeni yake mwaka 1996 katika wilaya ya Koraput, jimbo la Orissa, ikaieneza katika majimbo mengine yaliyokuwa na ugonjwa. Wafanyakazi wa afya walikwenda nyumba kwa nyumba katika vijiji vya misituni, ambako watu walikuwa wamezoea kuachwa nyuma katika kila jambo. Wagonjwa wa mwisho walionekana mwaka 2003. Lakini kazi haikusimama siku hiyo. Waliendelea kutafuta na kupima damu za watoto wadogo kwa miaka mingi, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa baada ya ugonjwa kwisha hana budi kuwa na damu safi. Akikutwa na alama ya buba, ni dhahiri kuwa kijidudu kingali kipo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza rasmi kwamba Uhindi haina buba tena.

DAWA YA KUMEZA

Mwaka 2012 lilitokea jambo jingine la furaha. Daktari Oriol Mitjà wa Hispania na wenzake walitangaza matokeo ya kazi yao katika Papua New Guinea. Waliwapa watoto wenye buba dawa ya kumeza iitwayo azithromaisini, mara moja tu, wakaona kuwa huponya sawasawa na sindano ya penisilini. Faida yake ni kubwa. Sindano hutaka mtu aliyefundishwa, na vyombo safi, na mahali pa kutupia sindano zilizotumika. Tena huumiza, na watoto huikimbia. Vidonge vyaweza kutolewa na mtu yeyote wa kijiji aliyepewa mafunzo machache. Kipimo chake ni miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, na hakipiti gramu 2.

Mwaka huohuo wataalamu walikutana Morges, Uswisi, wakapanga njia mpya: kwanza kuwapa dawa watu wote wa mahali penye buba, kisha kurudi mara kwa mara kuwatafuta na kuwatibu waliosalia. Walikusudia buba ikome ulimwenguni kabla ya mwaka 2020. Haikuwezekana, na shabaha ikasogezwa hadi 2030.

Kisiwa cha Lihir, katika nchi ya Papua New Guinea, chaonyesha matumaini na hatari pamoja. Mwaka 2013 watu wa kisiwa hicho walipewa dawa, na kadiri ya watu 84 katika kila 100 waliipata. Ugonjwa ulipungua mno, hata wagonjwa wakawa wa kuhesabika. Lakini baada ya muda ulianza kupanda tena. Ilipochunguzwa sababu, ilionekana kuwa wengi wa wagonjwa hao ni watu ambao hawakupata dawa siku ile: aliyekuwa safarini, aliyekuwa shambani, aliyekataa. Tena palikutwa wagonjwa watano ambao vijidudu vyao vilikuwa vimeizoea azithromaisini, hata dawa hiyo haikuvidhuru tena. Hao sharti watibiwe kwa penisilini, ambayo bado ina nguvu yake. Baadaye, katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022, ilithibitika kuwa kuwapa watu wote dawa mara tatu, kila baada ya miezi 6, ni bora kuliko kuwapa mara moja.

Hivyo mtu mmoja asiyekuja siku ya dawa si hasara yake peke yake. Aweza kuwa ndiye mbegu itakayokiotesha kijiji kizima ugonjwa.

NDUGU WA BUBA, NA WANAOFANANA NAYO

Kijidudu cha buba na kijidudu cha kaswende ni ndugu wa karibu mno. Hata kwa hadubini hawatofautiki. Vipimo vya damu vitumikavyo hospitalini navyo haviwezi kuvitenganisha. Mtu aliyepata buba utotoni, ijapokuwa alikwisha pona, huweza kupimwa damu akiwa mtu mzima na karatasi ikaonyesha alama ileile ya kaswende. Katika nchi zilizo na buba jambo hili laweza kuvunja nyumba. Mume humshuku mke, au mke humshuku mume, kwa ajili ya kidonda cha goti alichokipata mtu akichunga mbuzi.

Kwa hiyo asihukumiwe mtu kwa karatasi ya maabara peke yake. Mwenye kupimwa amweleze daktari au muuguzi habari za utoto wake na mahali alipokulia, aonyeshe na makovu yake. Lakini pia asiikatae dawa kwa kusema, "Yangu ni buba ya zamani." Hasa mama mjamzito akutwaye na alama hiyo hana budi kutibiwa, kwa maana ikiwa ni kaswende kweli, mtoto aliye tumboni yumo hatarini. Penisilini huua vijidudu vyote viwili, wala kuipokea si kukiri kosa.

Yako na magonjwa mengine yafananayo na buba kwa macho. Kuna bakteria nyingine ambayo huwaletea watoto wa visiwa vya Pasifiki, na wa Ghana na Kamerun, vidonda vya miguu ambavyo hata mtaalamu huvidhania kuwa buba. Kuna kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la mahali katika nchi ya Uganda, ambacho huanza kama uvimbe usiouma, kisha hufunguka kikala ngozi kwa upana. Kuna ukoma, ambao baka lake huwa limekufa ganzi. Kila mmoja una dawa yake, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Kutambua ni kazi ya waliofundishwa. Kazi ya mzazi ni kumfikisha mtoto kwao mapema.

WAJIBU WA KILA MTU

Buba ingali ipo katika nchi kama Ghana, Kamerun, Côte d'Ivoire, Indonesia, Papua New Guinea, Vanuatu na Visiwa vya Solomon. Nchi nyingi zilizokuwa nayo zamani hazijakaguliwa upya kijiji kwa kijiji, na kutokuona si sawa na kutokuwapo. Watu husafiri siku hizi kuliko zamani. Basi yafaa kila mtu ashike sehemu yake.

Mzazi na amwogeshe mtoto kwa maji na sabuni, aoshe na kufunika kila mchubuko, asiungoje ufanywe mlango. Kidonda kisichopona katika majuma mawili kipelekwe zahanati, hata kama hakiumi. Kikikauka chenyewe, asiache kwenda.

Mwalimu huwaona watoto wengi kwa siku moja kuliko daktari. Amwonapo mtoto anayechechemea, au mwenye vidonda vya manjano miguuni, asimfukuze shuleni kwa kuwa anatia kinyaa. Awaite wazazi wake na kumpa barua ya zahanati. Mtoto aliyefukuzwa atacheza na wadogo zake nyumbani, na ugonjwa utakuwa umezidishwa.

Mzee wa kijiji ajuaye kuwa siku ya dawa imewekwa, na ahesabu nyumba zake. Aulize nani yuko machungani, nani amekwenda harusini, nani amejifungia ndani kwa hofu. Awaandike majina, ili wapewe dawa yao wakirudi. Wazee walioiona buba kwa macho nao wana kazi: wawaeleze vijana jinsi kidonda kilivyokuwa, ili kikitokea tena kisipite bila kutambuliwa.

Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Buba haiumbui kwa kifo. Humuumbua mtu angali hai, mbele ya watu, kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Na dawa ya kuzuia hayo ni vidonge vya kumeza mara moja, au sindano moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA MIKUTANO YA KUSOMA

1. Kwa nini kupona kwa kidonda mama si alama ya kupona kwa mtoto?

2. Ni sababu gani iliyofanya watu wazima wa afya, wasio na kidonda, nao wapewe dawa?

3. Dawa za zamani na penisilini zilitofautianaje, na tofauti hiyo iliwasaidiaje watu wakaao mbali na hospitali?

4. Uhindi ilifanya nini baada ya mwaka 2003 ambacho nchi nyingine hazikufanya?

5. Katika kijiji chenu, ni nani ambao hukosekana kila panapotolewa chanjo au dawa ya wote, na ni njia gani ya kuwafikia?